Mpishi wa Harusi Anunua Mashine ya DJ

Jumamosi iliyopita, kwenye duka la vifaa vya muziki mjini Sumbawanga, nilimkuta mama mmoja mtu mzima akinunua mashine ya DJ, ile ndogo ya wanaoanza.

"Ya kijana wako, mama?" muuzaji akauliza.

"Yangu. Mimi mpishi wa harusi. Miaka yote muziki nausikia nikiwa jikoni, ukumbini sijawahi kucheza."

"Na spika? Watakusikiliza watu wangapi?"

Alivuta khanga mabegani. "Niko peke yangu. Mzee alifariki, watoto wako Dar."

Kwa kuwa sote tunakaa mtaa wa Katandala, nilimsaidia kubeba maboksi. Sebuleni kwake tuliweka mashine juu ya meza ya chakula, tukaiunganisha na spika na laptop aliyoachiwa na bintiye. Wimbo wa kwanza ulipotoka alishtuka, akacheka, kisha akazungusha kisahani cha mashine taratibu, kama anayekoroga uji. Wimbo wa pili ukaingia juu ya wa kwanza, ikawa vurugu tupu. Akaongeza sauti.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa nyumba ya pili.

"Mama, kuna sherehe?"

"Hakuna, mwanangu. Ni mimi tu. Ingia, chai ipo."

Jirani akachungulia viti vitupu. "Siku nyingine, mama. Nilidhani kuna shughuli."

Alipoondoka, mama alipunguza sauti bila kuombwa, akauacha mlango wazi.

Ndugu msomaji, muziki ukizidi tunajua kubisha hodi. Nyumba ile ilikuwa kimya tangu matanga ya mumewe yaishe, wala hatukwenda kuuliza kulikoni.