Fizi za Mpiga Tarumbeta

Kambi nzima ya wafanyakazi wa kiwanda cha shaba, pale chini ya shimini, lile bomba kubwa la moshi la Elisabethville, mji unaoitwa leo Lubumbashi, ilikijua kitambaa chekundu cha Musonda Chola. Kila alipomaliza kupiga tarumbeta alikichomoa mfukoni, akajifuta mdomo taratibu, akakikunja na kukirudisha. Wanawake walisema hayo ni maringo. Vijana wa fanfare, bendi ya kambi, wakaanza kumwiga, kila mmoja na kitambaa chake. Hawakujua kwamba Musonda aliichagua rangi nyekundu kwa sababu nyekundu haionyeshi damu.

Aliyejua ni mkewe Angélique, kwa kuwa ndiye aliyekifua.

Fizi zilianza kumvuja damu mwaka wa sitini, mkoa wao wa Katanga ulipojitenga na Kongo na kujitangaza kuwa nchi peke yake. Mwanzoni lilikuwa doa dogo tu kwenye mswaki. Musonda akafanya kama wengi kambini: akauacha mswaki. Kama mswaki unatoa damu, si mswaki ndio mchokozi? Kisha akagundua jambo lililomfurahisha mno, kwamba siku alizovuta sigara nyingi damu ilipungua. Akaongeza sigara. Tena wapiga tarumbeta wa kambi waliamini kuwa sukari humpa mtu pumzi, kwa hiyo kabla ya kila wimbo alinyonya donge la sukari na kulishushia kwa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi ambacho Angélique alikitengeneza vizuri kuliko jirani yeyote, naye akikiongezea sukari bila huruma. Kwa kifupi, mtu wetu alikuwa anamwagia moto petroli huku akijisifu kuwa anauzima.

Kufika katikati ya mwaka wa sitini na mbili, fizi zilikuwa zimevimba na kurudi nyuma, pumzi inanuka, na jino moja la mbele linacheza. Kwa mtu mwingine jino linalocheza ni tabu ya kutafuna muwa. Kwa mpiga tarumbeta, meno ya mbele ndiyo ukuta ambao midomo inauegemea. Yakitoka, na tarumbeta imekwisha. Na sikukuu ya Mtakatifu Eloi, msimamizi wa wafua vyuma, ilikuwa inakaribia mwanzoni mwa Desemba. Mwaka uliotangulia haikupigwa hata ngoma, mji ulikuwa umejaa askari na vizuizi vya barabarani. Safari hii Adrien, mkuu wa fanfare, alikuwa ameapa kwamba itapigwa, na mwisho wake uwe ule wimbo ambao tarumbeta ya Musonda inabaki peke yake juu, wengine wote wamenyamaza.

Lakini Adrien alikuwa na masikio. Alimvuta Musonda kando akamwambia kwamba sauti za juu zinapasuka, na kama hazitengenezeki, wimbo utapigwa na Numbi, mpiga tarumbeta wa pili. Musonda akajibu kwamba kosa ni la chuma cha kupulizia. Akarudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake, akaogopa. Aliogopa kweli. Kule tanuruni alikuwa mwanamume mmoja kati ya wengi wenye jasho. Alipoweka tarumbeta mdomoni ndipo alipokuwa Musonda Chola.

Mambo mengine yalikuwepo pia, ila hakuyahesabu. Kiu isiyokatika. Kwenda haja ndogo kila saa. Uchovu, na kidonda cha cheche ya tanuru kwenye muundi wa mguu kilichokataa kufunga. Kwake yeye mdomo ni mdomo na mguu ni mguu, na hakuona vinajuana wapi.

Angélique ndiye aliyemsukuma hadi dispensari. Aliyekuwa zamu ni Stanislas, muuguzi, mtu wa Kasai, mkoa wa jirani. Na siku zile watu wa Kasai walitazamwa kwa jicho la pembeni mjini, kama wageni wasioitaka Katanga mpya. Wengi walikuwa wamekimbia, wengine wamepanda treni kurudi walikotoka wazazi wao. Stanislas alibaki na wagonjwa wake. Musonda alikuwa amesikia baani mengi juu ya watu hao, na mengine aliyasema mwenyewe kwa sauti kubwa. Sasa ilimpasa kumfunulia mmoja wao mdomo unaonuka.

Muuguzi hakuishia mdomoni. Aliuliza habari za kiu, akautazama mguu, akaomba mkojo, akaenda nao chumba cha nyuma. Aliporudi alisema, “Papa Musonda, damu yako iko na sukari.”

Musonda akatabasamu meno yote nje, pamoja na lile linalocheza. Kabla Stanislas hajaendelea, aliitwa mbio kwa mama aliyeshikwa na uchungu, na Musonda hakumngoja. Alienda moja kwa moja mazoezini akawatangazia wenzake kwamba hata munganga amekubali: damu yake ni tamu, ndiyo maana tarumbeta yake ni tamu. Wakacheka, wakampiga mgongoni, wakamwita Papa Sukari. Na jina likashika, maana kambini jina baya au zuri halihitaji padri.

Angélique hakucheka. Alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba, kwenye ukuta ambao mumewe alikuwa akiukimbilia haja ilipombana. Sisimizi walikuwa wamepanga mstari mrefu, wanakwenda na kurudi.

“Baba Kunda,” alisema, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, “hapa hakuna mwenye alimwanga asali. Bale badudu banafuata nini?”

Musonda aliinama akaufuata mstari kwa macho hadi ukutani. Asubuhi yake alirudi dispensari, mkewe nyuma yake kama polisi.

Alianza kwa ukali. Alimwambia Stanislas kwamba watu wa Kasai wanapenda kuwatia wenzao hofu, na kwamba yeye ana sikukuu ya kupigia, hana nafasi ya kuugua. Stanislas hakubishana. Alileta chupa ya maji ya buluu akaiweka mezani, na Musonda akaacha neno katikati, akainama kuitazama. Rangi ile aliijua. Ni ya madimbwi ya nyuma ya kiwanda baada ya mvua.

“Hii njo shaba, Papa,” Stanislas alisema. “Mukojo yenye haina sukari, shaba inabakia vile. Yenye iko na sukari, inaigeuza. Angalia weye mwenyewe.”

Akaanza na mkojo wa Angélique. Matone machache ndani ya maji ya buluu, kichupa juu ya taa ya spiriti, kikachemka. Kikabaki buluu. Kisha wa Musonda. Maji yakawa kijani, yakawa manjano, halafu yakatulia na rangi ya tofali lililochomwa.

Sasa lazima ujue kazi ya Musonda ilikuwa gani. Tanuruni yeye ndiye aliyeitazama shaba inapoyeyuka akasema imeiva au bado, kwa rangi tu, na wazungu walimngoja aseme. Angeweza kubishana na mtu wa Kasai, na mkewe, na hata padri. Lakini na shaba hakuwahi kubishana maisha yake yote. Alikishika kichupa, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakaa chini.

Hapo ndipo aliposikiliza. Stanislas alimweleza kwamba sukari iliyozidi katika damu inazidhoofisha fizi, na usaha wa fizi nao unaipandisha sukari, hivyo viwili vinachocheana kama majirani wabaya. Sukari hiyohiyo ndiyo iliyokizuia kidonda cha mguu kufunga, na ikiachwa itafika machoni na moyoni. Na kuacha mswaki kulikuwa kuyaachia meno uchafu unaozioza fizi. Musonda akauliza habari za sigara, maana sigara zilikuwa zikimsaidia.

“Sigara iko inaficha damu,” Stanislas alisema. “Haiko inaponesha kitu. Inakufungia mulango ili usione mwizi.”

Kisha akauliza kama kuna mtu wa ukoo aliyeugua hivi. Musonda akamkumbuka baba yake huko Sakania, aliyekufa bila meno na mguu umeoza, na ukoo mzima ukamlaumu mjomba mmoja kwamba ni mchawi, mpaka akahama. Aliona aibu kwa ajili ya mjomba yule, akaiona pia kwa maneno aliyoyasema baani.

Vita vikaanza, na sivyo vile vya askari. Sigara aliziacha kwa hasira, akawa mtu asiyesemezeka nyumbani. Donge la sukari likapigwa marufuku, munkoyo wa Angélique ukawa haba na bila sukari, vidonge vya kushusha sukari vikamezwa. Mswaki ulirudi, na damu nayo ikarudi kwa wingi kwa vile moshi haukuwepo wa kuificha. Alitaka kukata tamaa, mkewe akamsimamia mlangoni na kikombe cha maji ya chumvi. Daktari wa meno mjini alimkwangua ukoga ulioganda mpaka Musonda akawataja watakatifu wote anaowajua. Gego moja halikuokoka. La mbele, daktari alisema, labda.

Na kila alipokwenda dispensari walichemsha kichupa pamoja, yeye na Stanislas, vichwa vimegusana juu ya taa. Tofali. Kisha manjano. Kisha kijani ya jani bichi. Siku maji yalipochemka yakabaki buluu, Musonda alimkumbatia muuguzi mpaka kofia ikamdondoka. Kidonda cha mguu kilikuwa kimefunga. Jino la mbele lilikuwa limeshika. Baani, mtu mmoja alipoanza wimbo wake wa kuwatukana watu wa Kasai, Musonda alisimama na chupa yake ya maji mkononi akasema, “Muntu ya Kasai njo alinirudishia meno. Weye ulinirudishia nini?” Yule mtu akamalizia bia yake akatoka.

Siku ya Mtakatifu Eloi uwanja ulijaa hadi juu ya kuta. Stanislas alikuja, akasimama mbele kabisa kando ya Angélique, na watu wakamwachia nafasi. Fanfare ilipiga, ngoma zikanguruma, halafu Adrien akashusha mkono na wote wakanyamaza. Musonda akabaki peke yake juu. Sauti ilipanda, ikapita pale ilipokuwa ikipasuka, ikapanda tena, ikakaa, safi, ndefu, mpaka Numbi mwenyewe akavua kofia. Wanawake wakapiga vigelegele kabla hajamaliza.

Alipoishusha tarumbeta, alitia mkono mfukoni kama kawaida yake. Angélique alikuwa amekibadilisha kitambaa asubuhi bila kumwambia. Kilikuwa cheupe. Musonda akakitazama kidogo, akamtazama mkewe, akajifuta mdomo mbele ya kambi nzima. Kisha akakikunjua kwa mikono miwili, akakiinua juu, hakina hata doa moja, ili kila mtu akione.