Fulana Zilizomchelewesha Msabaha

Mama yetu alifariki Tanga siku ya Jumatano asubuhi, na mwanawe wa kwanza alikuwa Guangzhou, huku China, kwenye karakana ya kushona nguo, akibishania fulana. Siandiki kumwaibisha kaka yangu. Watu waliofika kwenye khitma walininong'oneza wakiuliza ilikuwaje, na kila mmoja alikuwa tayari na habari yake aliyoisikia sokoni. Bora niiseme mimi niliyekuwepo.

Msabaha ana miaka hamsini na sita. Kazi yake hapa ni uwakala. Wenye maduka wa Kariakoo humtumia picha ya nguo wanayoitaka, naye huingia soko la nguo la Shahe alfajiri, anashika, ananusa, anavuta mshono kwa vidole viwili hadi muuzaji anakasirika. Mimi ni mdogo wake, Kuluthumu. Nilimfuata baada ya kufiwa na mume wangu. Napika nyumbani kwetu, mtaa wa Dengfeng; wengine huja kula hapo hapo, na wenye maduka ya simu na wabadilisha fedha wa mtaani nawapelekea.

Kaka hapendi kitu kipotee. Kamba za marobota huzikunja akaziweka. Ukibakisha wali kwenye sahani atakusomea aya: hakika wafujaji ni ndugu wa mashetani. Sasa mtu wa namna hiyo siku moja akagundua kwamba vikao vya mabaraza ya Marekani vinaonyeshwa mtandaoni, na Kiingereza chake cha sekondari kinatosha kuvifuata. Tangu hapo hatukuwa na raha. Akimaliza kuswali alfajiri, anakaa na simu na kahawa, anatikisa kichwa kama mtu anayetazama nyumba ya jirani ikiungua. Wateja wangu wakampa jina la Seneta.

"Seneta, leo wamepitisha?" Sufian alikuwa akimuuliza mlangoni huku akivua viatu. Sufian ni Mzanzibari, msafirishaji wa vigae na masinki, rafiki yake wa siku nyingi.

"Wamepitisha deni jingine. Wanakopa kulipia riba ya walichokopa."

"Na wewe shekhe yakuuma nini? Watakuja kukudai hapa Dengfeng?"

"Wao wakigombana nyumbani kwao, sahani zinavunjika huku."

Lucas naye hakosi neno. Ni kijana wa Mbeya anayesomea uchumi hapa kwa ufadhili, Mlutheri, anakula kwangu kwa mkopo na analipa. "Mzee Msabaha," alisema, "na sisi kwetu je? Sherehe ya kuzindua choo cha shule inakula hela kuliko choo chenyewe."

Tulicheka wote. Kaka hakucheka. "Kwetu tunanyamaza kwa woga," alijibu. "Hawa wana ruhusa ya kuuliza lolote, na hawaulizi. Hilo ndilo linaloniuma."

Mwezi wa kumi, Maulid, mdogo wetu aliyebaki na mama, alipiga simu. Miguu ya mama ilikuwa imevimba, chakula hakikai tumboni, na kila siku alikuwa akimuulizia Msabaha. Kaka alikuwa hajaonana naye tangu kabla ya korona. Alilia kidogo, akafuta uso kwa kanzu, akasema anarudi. Atapakia mzigo mmoja wa mwisho, fulana nyeupe za michezo kwa ajili ya shule zinazofunguliwa Januari, kisha anapanda ndege. Sufian alimpa nafasi kwenye kontena lake. Tiketi ilikatwa.

Kwenye fulana za shule ana utaratibu wake. Hanunui fulana iliyokwisha shonwa. Huenda mwenyewe soko la vitambaa la Zhongda, anachagua majora, anayainua kwenye mwanga, ndipo anayapeleka karakana iliyo kwenye vichochoro vya nyuma ya soko. Mwenye karakana ni mama mmoja wa Kichina, Bi Wu, ambaye sote tunamwita laobanniang, bosi mwanamke. Wamefanya kazi pamoja miaka mingi bila ugomvi.

Zikiwa zimebaki siku chache kupakia, alikwenda kuangalia kazi yake. Alirudi nyumbani na fulana moja mkononi, akaitupa mezani kati ya sahani za watu. Kifuani ilikuwa na maneno ya bluu ya Kiingereza yenye maana ya "Kila senti yako tunailinda", na chini yake jicho kubwa limechorwa.

"Hiki kitambaa changu," alisema.

Mambo yalikuwa hivi. Ofisi moja ya fedha ya jimbo la Marekani iliandaa wiki ya kuhimiza kubana matumizi, ikaagiza maelfu ya fulana za kugawa bure ili wananchi wajue kwamba pesa yao haipotei. Dalali akaileta kazi kwa Bi Wu kwa haraka sana. Bi Wu hakuwa na kitambaa cha kutosha, akakata majora ya kaka, akijua atayarudisha kabla hayajahitajika. Kundi la kwanza likapelekwa kwa ndege. Halafu Wamarekani wakafuta oda. Dalali akazima simu.

Sababu ya kufutwa tuliipata siku ya pili yake, Lucas alipokuja na video ya kikao cha baraza la jimbo hilo. Tuliitazama tukiwa tunakula. Mjumbe mmoja, mnene, tai nyekundu, aliinua fulana kwa ncha za vidole kama mtu aliyeokota panya mfu. Akageuza ukosi, akasoma lebo: imetengenezwa China. Ukumbi ukalipuka.

"Kitambaa changu!" kaka alipiga kelele akisimama. "Kulu, tazama ule ukosi! Nimekichagua mimi kile!"

"Shekhe kaa chini, mchuzi unamwagika," Sufian alisema.

Kikao kile kilichukua asubuhi nzima. Kila mjumbe alisimama kusema uchungu wake juu ya lebo. Mmoja alitaja babu yake aliyelima pamba. Mwingine alisema yeye anavaa vya nyumbani tu, mwenzake akamuuliza viatu vyake vimetoka wapi, wakazomeana. Mwisho wakaamua: fulana mpya zishonwe kwao, kwa bei mara tatu, na iundwe kamati ya kuchunguza.

"Hakuna aliyeuliza," kaka alisema taratibu. Nilimwona mishipa ya shingo imemsimama. "Wamekaa asubuhi nzima, watu wazima na shule zao, hakuna hata mmoja aliyeuliza ofisi ya serikali inataka fulana za nini."

"Waandikie," Lucas alimtania. "Pale chini ya video pana nafasi ya maoni."

Kumbe kaka aliona ni wazo. Alimlazimisha Lucas aandike kwa Kiingereza safi kwamba yeye ni mwenye kitambaa kile, na kwamba swali ni moja tu, fulana za nini. Waliandika. Baada ya muda jibu likaja kutoka kwa mtu tusiyemjua. Lucas alilisoma, akataka kuificha simu.

"Soma," kaka alisema.

"Anasema urudi kwenu, mzee."

Sufian akapiga goti lake kwa kiganja. "Si unasikia! Mama kakwambia urudi, mie nakwambia urudi, sasa hata Mmarekani kakwambia. Una hoja gani tena?"

Watu walicheka hadi machozi. Mimi nilicheka pia. Na ule ndio ulikuwa wakati wa kwenda. Tiketi ipo, kontena linaondoka, mama anangoja. Bi Wu alisema atatafuta kitambaa kingine, au kaka achukue zile fulana zilizobaki kama zilivyo. Sufian alimwambia azipakie tu, huko nyumbani watu wanavaa maneno ya kila namna na hayawadhuru.

Kaka alikataa. Alisema watoto wa shule hawatavaa uongo kifuani. Alisema vilevile hawezi kuondoka akaacha majora yale yapotee bila kurudishwa, maana huko ni kufuja, na atamjibu nini Mola wake. Nikamwambia, "Kaka, na mama?" Akasema mama yuko na Maulid, na yeye anahitaji wiki moja tu. Akasogeza tiketi mbele. Kontena la Sufian likaondoka bila mzigo wake. Wiki ilipokwisha, Bi Wu alikuwa bado hajapata kitambaa, na kaka akaisogeza tiketi tena.

Mama alizungumza naye mara ya mwisho siku ya Ijumaa. Simu niliishika mimi ili wote wawili waonane. Uso wa mama ulikuwa umekuwa mdogo, macho makubwa.

"Msabaha, wafika lini?"

"Mama, nimecheleweshwa na mzigo. Walichukua kitambaa changu wakashonea fulana za Wamarekani. Sasa Wamarekani wenyewe, mama, yaani ungeona wanavyobishana..."

Akamweleza yote. Lebo, mjumbe mwenye tai nyekundu, kamati. Mama alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa adabu.

"Mwanangu," alisema, "mie nakuulizia wewe, wewe waniambia fulana."

Kaka akacheka, akadhani ni mzaha. Akasema atafika, inshallah, akaniashiria nikate kwa kuwa Bi Wu alikuwa anapiga.

Jumatano ile nilimsindikiza karakana kwa sababu presha yake ilikuwa juu na sikutaka apande ngazi peke yake. Wanawake walikuwa kwenye vyerehani, hawakuinua vichwa. Bi Wu alikuwa amepata majora mapya, lakini si ya aina ile. Kaka aliyashika, akayavuta, akasema mepesi. Bi Wu akasema kitambaa ni kitambaa. Kaka akasema sicho. Sauti zikapanda, Kichina cha kaka kikamwishia, akaingia Kiswahili. Simu yangu ikatetemeka. Nilipoona jina la Maulid kwa saa ile, ambayo kwao ilikuwa ndiyo kwanza kunapambazuka, nilijua kabla sijapokea.

Nilimgusa bega. "Kaka. Mama."

Alinitazama akiwa bado ameshika ncha ya kitambaa. Vyerehani vilikuwa vikinguruma na ilinibidi nirudie kwa sauti ya juu, neno ambalo mtu hapaswi kulisema kwa sauti ya juu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Bi Wu hakuelewa maneno, ila alielewa uso wake, akazima umeme ukutani. Karakana nzima ikanyamaza.

Walimzika baada ya adhuhuri ya Tanga, wakati kwetu jua linazama. Maulid alishika simu juu ili tuone. Tuliona kofia za watu, na jeneza limefunikwa shuka ya kijani, linapita mikononi, halafu mtandao ukakatika. Kaka aliendelea kuishika simu ile mbele ya uso wake, imekuwa nyeusi. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na huruma naye, na vyote viwili nilivipeleka kwenye msala, maana sikuwa na pa kuvipeleka pengine.

Kwenye khitma tuliyomsomea nyumbani kwetu Dengfeng walijaa watu hadi kwenye ngazi. Lucas alikuja na wanafunzi wenzake wa Kikristo, wakakaa kimya nyuma. Bi Wu naye alikuja, amebeba machungwa na bahasha nyeupe kama desturi yao inavyotaka kwenye msiba, hajui aingie upande gani. Wanawake walimpisha nafasi. Baada ya dua alimwendea kaka akaanza kumweleza kwamba kitambaa cha aina ile ile kimepatikana, kitafika wiki ijayo, kizuri.

Kaka alimjibu kwa Kichina kwamba hakuna shida, afanye anavyoona. Kisha akaniambia, "Kulu, mpe mgeni chai."

Aliondoka siku ya tatu yake na begi moja la mkononi. Uwanjani alinikabidhi funguo za stoo, na hakunieleza nifanye nini na kilichomo. Fulana zile zilizobaki karakana zilichukuliwa zote na Didas wa Bukoba, mfanyabiashara mwingine wa hapa, aliyesema wateja wake watapenda lile jicho. Sikumwambia kaka alizipata kwa bei gani. Hakuuliza, yeye ambaye huuliza hata bei ya chumvi.

Jana alinipigia. Amekonda. Alisema amekwenda makaburini na Maulid, mvua imeudidimiza udongo, wataongeza. Nikamuuliza kama analala.

"Silali vizuri. Yule Bi Kombo jirani amenihadithia jambo. Anasema wiki ile ya mwisho mama aliomba kitanda chake kihamishiwe chumba cha mbele, kule barabarani, ili asikie teksi ikisimama."

"Wakakihamisha?"

"Maulid alikihamisha. Bado kiko pale. Nakilalia mimi. Kila gari likisimama, naamka."