Mguu Uliotaka Halua

Mguu wangu wa kulia uligoma mwaka niliotimiza arubaini na sita. Nilikuwa nikitoka msalani, na tangu saa ile haukutaka kabisa kwenda mbele. Ukiuambia twende, unatetemeka kama umeona nyoka. Lakini kurudi nyuma, mashaallah, ulirudi bila matata. Basi nikawa nakwenda kinyumenyume, na mtaa mzima wa Jadida ukauzoea mgongo wangu. Mwenye duka la kona, Mhindi aliyezaliwa mtaa huohuo na anayekijua Kipemba kunishinda mimi, aliniuliza kila asubuhi, "Bi, leo wenda au warudi?" Nikamjibu anipimie sukari, mengine hayamhusu.

Watu walicheka, nami nilicheka nao. Lililoniuma ni moja tu. Kaka yangu alikuwa na binti wa miaka kumi na mbili, na tangu alipozaliwa niliahidiwa kuwa somo wake. Kwetu msichana akivunja ungo hafunzwi na mama yake. Hukabidhiwa mwanamke mwingine, amfunze hedhi, usafi na utu uzima, na huyo ndiye somo wake mpaka kaburini. Mimi sikujaaliwa mtoto. Huyu ndiye niliyekuwa nikimngojea, na nilimtaka kwa roho yangu yote, nikachelea mguu usije ukanikosesha.

Wifi yangu, mama wa mtoto, akaja na chetezo cha udi kuuhoji mguu. Si kunihoji mimi, mguu. Akainama mbele ya goti, akaliuliza kwa adabu, "Nyie ni nani? Mwataka nini kwa hunu ntu?" Goti kimya. Akauliza tena, nami, Mungu anisamehe, mdomo ukaniponyoka: "Halua."

Halua ikaja, sahani nzima, ingali ya moto. Nikala. Kijiko cha tatu mguu ukatulia tuli. Wifi akapiga kigelegele, kisha akanywea ghafla.

"Kumbe kweli una mwenyewe," alisema. "Basi niwie radhi, wifi. Ntoto wangu simkabidhi kwa ntu mwenye jini."

Nilimaliza sahani kwa hasira tu.

Hospitalini daktari alinigonga kwa nyundo, akanichoma kwa sindano, akanimulika macho. Akasema mguu mzima, mishipa mizima. Kilichoharibika ni mazungumzo baina ya ubongo na mguu, na wala si uongo wala uvivu. Mara nyingine mtu akishughulika na jambo jingine, mguu husahau kugoma. Nikaikumbuka ile halua. Kisha akaniambia nifumbe macho nihesabu mapigo ya moyo wangu kwa dakika moja bila kujishika, naye akanishika mkono akiyahesabu mapigo hayohayo. Mimi nilipata kumi na tisa. Yeye alipata sabini na moja. Nilikuwa nimehesabu feni, maana ilikuwa mbovu na inagonga.

"Umekula lini mara ya mwisho?" aliniuliza.

Nikafikiri. Jana mchana. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba halua haikuombwa na jini yeyote. Njaa ndiyo iliyoomba, ila mwenye njaa hakuwa na habari.

Wala sishangai. Somo wangu mimi, Mungu amrehemu, alinifunza barabara: damu usiitaje, maumivu usiyaoneshe, njaa ya ugenini imeze. Nilikuwa mwanafunzi hodari. Nilimeza mpaka nikaacha kujisikia mwenyewe.

Daktari akaniambia niweke alama kwenye kalenda: siku za hedhi, usingizi, na ukorofi wa mguu. Baada ya miezi mitatu ikaonekana wazi kwamba mguu hukorofika zaidi siku mbili tatu kabla ya hedhi, nayo hedhi siku hizo ilikuwa ikija itakavyo. Akasema homoni zikipanda na kushuka si lazima ziwe ndizo zilizoleta maradhi, lakini kwa baadhi yetu huyachochea. Nikampelekea wifi habari hizo mbio, kinyumenyume.

"Homoni," alisema wifi. "Basi huyo ni jini wa kizungu."

Siku moja baada ya adhuhuri, wifi akiwa uwanjani anaanika karafuu, yule binti aliingia kwangu amejikunja, uso umesawijika.

"Shangazi, tumbo laniuma. Na nimeona damu." Akaanza kulia. "Na moyo wanidunda. Nahisi na mie nimeingiwa, kama wewe."

Neno lile lilinichoma. Nikamketisha, nikamwonesha namna ya kujisitiri, nikamwekea maji ya moto. Kisha nikamwambia afumbe macho, kila mtu ahesabu moyo wake. Yeye alipata themanini na nane. Mimi nilipata thelathini na nne.

"Shangazi, wewe hujui," alisema, akacheka huku machozi yangali mashavuni.

"Sijui, najifunza. Na wewe jifunze mapema. Kikikuuma, sema. Ukisikia njaa, omba chakula. Hapa hapana jini. Wako mwili unakua, wangu unazeeka, tumekutana njiani."

Ilibidi nimrejeshe kwa mama yake. Nikamshika mikono yote miwili, tukatoka, mimi nikienda kwa mgongo na yeye akinitazama usoni. "Shangazi, mtaro. Shangazi, mbuzi." Mwenye duka la kona alitoka, akatufukuzia yule mbuzi.

Wifi alikuwa mlangoni kwake, viganja vinanukia karafuu. Binti akamwambia yeye mwenyewe, kwa sauti kavu, bila ya kuinama, "Mama, nimevunja ungo. Tumbo laniuma, na njaa naisikia."

Mimi umri ule sikuthubutu kusema hata moja katika hayo.

Wifi akaiangalia mikono yetu iliyoshikana. Akasogea pembeni ya mlango.

"Pita, somo," aliniambia. "Kwa uso au kwa mgongo, pita. Chakula kipo."

Nikapita kwa mgongo, nikilia waziwazi mbele ya watu wote.