Askofu Akifungwa Kamba

Hapa mlimani kwetu Valparaíso hakuna aliyemwita kwa jina la ukoo. Alikuwa Bi Nolfa wa lifti, kile kibehewa kinachovutwa kwa kebo kupanda mlima, basi. Tangu usichana wake mpaka mvi zikamjaa alikaa kwenye kibanda cha juu akikata tiketi, na kila aliyepanda kutoka bandarini na vifurushi vyake alipita mbele ya dirisha lake. Mumewe alimfia mapema, na watoto hawakujaaliwa. Mtu wake wa karibu alikuwa Ormesinda, mkaanga empanada, sambusa za huku kwetu, wa kichochoro cha pili. Kila jioni walikunywa chai pamoja kwa mkate na parachichi lililopondwa, wakatusengenya mlima mzima.

Halafu alikuwepo Obispo. Kwetu jina hilo maana yake Askofu. Alikuwa mbwa mweusi wa mtaani, na manyoya meupe yamemzunguka shingo kama kola ya kanisani. Hakuwa wa mtu. Alilala mlangoni pa kibanda, akiwapokea abiria kwa mkia, na mbwa wote wa mlimani walikuwa jamaa zake. Sikumwona akigombana hata mara moja.

Lifti ikafungwa. Walisema ni matengenezo ya muda mfupi, na mpaka leo mlango una kufuli. Nolfa akarudi nyumbani na kiinua mgongo chake. Mbwa akabaki palepale akiwangoja abiria, na alipochoka kungoja akashuka barabarani kuwatafuta. Gari la mitungi ya gesi likamgonga. Nolfa alimpandisha ngazi zote zile amemfunga kwenye shali lake, na tangu siku hiyo mbwa akawa wake.

Mguu ulifungwa plasta. Waliomtibu wakasema asikimbie, atembezwe kwa kamba. Kamba ya kwanza aliinunua dukani kwangu. Siku hizohizo, pale ngazi inapobanwa na kuta mbili, mbwa watatu waliteremka kwa kishindo. Labda walitaka kumnusa tu, mwenzao waliyekuwa wamempoteza. Askofu alitaka kurudi nyuma, mguu ukamkatalia. Nolfa akaogopa, akavuta kamba kwa nguvu zake zote mpaka miguu ya mbele ikaning'inia hewani. Akiwa amening'inia hivyo, wakamrukia.

Plasta ilitolewa, mguu ukapona. Lakini kuanzia hapo, ukimfunga kamba na akaona mbwa mwingine, hata kwa mbali, hata mzee asiye na meno, manyoya yalimsimama mgongoni, akabweka na kujirusha mpaka sauti ikamkauka. Nolfa aliburutwa kama gunia. Vijana waliokaa ukutani walikuwa na lao:

"Jamani kimya, Askofu anahubiri!"

"Bi Nolfa, leo ibada ya ngapi?"

Yeye aliinamisha uso na kupita.

Ormesinda alidhani yeye amesalimika, kwa sababu kijibwa chake, Pelusa, Askofu alikijua tangu kikiwa mtoto. Akaja nacho kwa chai kama kawaida, kimevishwa sweta. Nolfa ndiyo kwanza anatoka mlangoni na kamba mkononi. Askofu alikinyakua mgongoni. Ormesinda akaingiza mkono kuwaachanisha. Pelusa alishonwa nyuzi nyingi, na kidole cha kati cha Ormesinda hakikukunjika tena.

"Sina hasira na wewe," Ormesinda alimwambia Nolfa siku huyo alipokwenda kumwangalia.

"Unayo, shoga. Sema tu."

"Haya, ninayo. Lakini na hilo jini lako, si na wewe. Ukija kwangu, njoo peke yako."

"Nikimwacha peke yake analia mpaka majirani wanapiga ukuta."

"Basi tutasalimiana kwa simu, kama tuliohamia Punta Arenas, mwisho wa nchi."

Wote wawili walicheka. Chai ya jioni, hata hivyo, iliishia hapo.

Wengi tulimshauri amwachie tu, kwa kuwa bila kamba mbwa yule alikuwa malaika. Mimi mwenyewe nilimwambia. Akaniuliza, "Na sumu je, jirani?" Majira yale kuna mtu alikuwa anatupa nyama yenye sumu pembezoni mwa ngazi, na mbwa kadhaa tulikuwa tumewaokota wana povu mdomoni.

Akaenda kwa daktari wa mifugo, Javiera, mwanamke kijana asiye na haraka. Daktari alimwangalia mbwa, akamwangalia na mwenyewe.

"Hana ubaya huyu, mama. Anaogopa. Akiwa na kamba anajua hawezi kukimbia, kwa hiyo anatangulia yeye kushambulia. Wewe umpe umbali. Amwone mwenzake akiwa mbali, kabla hajalipuka, hapohapo umpe kuku. Siku nyingine, karibu kidogo. Na usiikaze kamba."

"Umbali upi, daktari? Ngazi yetu ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili."

"Tafuta uwanja."

Uwanja ulikuwepo, ule wa mpira uliojaa magugu kando ya korongo. Tatizo lilikuwa kufika. Nolfa alichungulia kila kona kabla ya kupita, akajificha kwenye milango ya watu, akageuka na kurudi juu kila aliposikia kucha za mbwa kwenye ngazi. Mfukoni alibeba vipande vya kuku wa kuchemsha, koti likanuka supu. Akifika, anakaa kwenye jiwe na kungoja mbwa yeyote apite ng'ambo. Majuma yakapita, kiangazi kikaisha. Siku moja aliingia dukani kwangu analia, nikajua yametokea mabaya.

"Amemwona mbwa wa fundi viatu," alisema, "halafu akageuka akanitazama mimi. Jirani, amenitazama mimi!"

Sikuelewa kuna nini cha kulilia hapo. Nilimpa kiti.

Ormesinda alipopata habari alikubali kujaribu. Jumapili walikutana barabara ya juu, ambayo ni tambarare na pana, kila mmoja upande wake na mbwa wake, magari katikati. Wakawa wanatembea na kupiga soga kwa kupayuka, barabara nzima inasikia.

"Magoti vipi, shoga?"

"Yananiua! Na huyo muuaji wako?"

"Anatembea!"

"Mwambie akivuka huku namkaanga pamoja na vitunguu!"

Jumapili baada ya Jumapili wakawa wanasogeleana. Mwishowe walikaa kwenye benchi mbili za upande mmoja, Pelusa mapajani, Askofu chini, wanapeana kikombe kimoja cha chai. Nolfa alinunua sukari siku ile akasema, "Juma lijalo namkaribisha nyumbani."

Hakuwahi. Siku mbili baadaye alikuwa anapanda ngazi na Askofu, kijana mmoja anateremka, mbele yake dume kubwa la kahawia halina kamba. Nilikuwa mlangoni mwa duka, niliona yote.

"Mwite mbwa wako!" Nolfa alipaza sauti.

"Hafanyi kitu, shangazi!"

"Wako hafanyi, wangu anafanya! Mwite!"

"Anataka kucheza tu!"

Ukuta huku, ukuta kule. Lile dume likamjia Askofu usoni. Askofu akalipuka, akajipinda, meno yake yakakamata kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mkono wa Nolfa. Hakuachia kamba. Damu ilikuwa inachuruzika kwenye kamba naye bado ameishika, anasema kwa sauti ya chini, "Basi, baba. Basi, ni mimi." Kijana alimkamata mbwa wake.

"Mnyama kama huyo si wa kufuga, ni wa kuchomwa sindano afe," akasema, akashuka zake.

Baada ya hapo kuku hakusaidia. Askofu alianza kutetemeka akiona kamba yenyewe ikiondolewa msumarini. Uwanjani hakula. Daktari Javiera alimpa vidonge, vikamlaza tu, macho wazi. Nolfa alipomwomba amweleze ukweli, alimweleza.

"Kwenye ngazi hizi sidhani kama atapona, mama. Apate shamba, pasipo na mbwa wengine. Labda."

Alikuja mwenye shamba mmoja kutoka Casablanca, ile ya bondeni huku kwetu. Alimtazama Askofu akijirusha dhidi ya kreti za mbwa wake zilizokuwa kwenye gari, akatikisa kichwa. Hata injini hakuwa ameizima.

Ormesinda naye magoti yalimshinda. Binti yake akaja kumchukua aende kukaa Quillota, kwenye nyumba isiyo na ngazi. Siku ya kuondoka alipita kwa Nolfa kuaga, Pelusa kwapani, mkwewe amesimama na masanduku. Nolfa alitoka mpaka kwenye geti, Askofu amefungwa uani nyuma yake. Kile kilio kikaanza. Nilimwona Ormesinda akifungua mdomo, anasema kitu kirefu. Nolfa aliweka kiganja sikioni.

"Nini?"

Ormesinda akarudia.

"Sisikii, shoga!"

Mkwe akatazama saa. Ormesinda alipenyeza mkono ule wenye kidole kigumu kwenye nondo za geti, akamgusa shavu, akaondoka. Siku iliyofuata nilimuuliza Nolfa mwenzake alimwambia nini. Akasema hajui, na kwenye simu Ormesinda anasema amesahau.

Sasa humtoa mvua inaponyesha. Mvua kubwa ikishuka kutoka baharini, watu hujifungia, mbwa wa mtaani hujibanza chini ya vibaraza, na ngazi hugeuka mto. Hapo ndipo utawaona wawili hao wanapanda taratibu, wamelowa chapachapa, kamba imelegea kati yao. Jirani mmoja alimpigia kelele toka dirishani kwamba atapata nimonia. Hakugeuka.

Jana alipitia dukani akauliza kama redio imesema lolote kuhusu mvua. Nikamwambia hapana, anga ni jeupe juma zima. Tumeingia Novemba. Huku kwetu mvua ikikata mwezi huu hairudi mpaka Mei.

"Haya," alisema, akachukua mkate wake, akaenda.