Sauti Yangu Ilibakia mu Tiyo

Cheka kwanza, umalize. Mimi pia nilikuwa nacheka. Lakini hii kitu ilinifika mimi mwenyewe, saa ine ya asubuhi, jua inawaka, akili yangu yote iko. Kama unaona nadanganya, uliza Mama Furaha. Yule hajui kudanganya, hana akili ya kutosha.

Ilikuwa siku ya posho, jumamosi, hapa Columbus. Pasta alitubeba na basi ya kanisa mpaka Clintonville, eti tuende kutengeneza mto. Mto! Bon, tukashuka, nikaangalia. Kale kamaji, kwetu ku milima mbuzi angekaruka bila kulowesha kwato.

Msichana moja muzungu, maboti mpaka ku magoti, njo alikuwa mukubwa wa kazi. Akaonyesha vichaka, akasema maneno mingi, Pasta akatafsiri na ile sauti yake ya mimbari: "Wapendwaaa, anasema hii miti ni wageni. Ilifika hapa, ikanyima wenyeji nafasi. Tuing'oe na mizizi."

Nikamuuliza: "Pasta, na sisi batatung'oa lini?"

Batu bakacheka. Muzungu naye akapiga makofi: "Amezing! Amezing!" Nini nimesema, hajui.

Mimi sikusoma hata siku moja. Lakini sauti ya mutu nikiisikia mara moja, nimeibeba. Ya Pasta, ya ba ofisi, ya mbuzi, yote. Donc niko nang'oa vichaka na Mama Furaha, rafiki yangu tangu kambi ya wakimbizi, kazi haina utamu, nikaanza kucheza. Nikafanya sauti ya bwana yake, Yakobo, alitufia kule kambini na kikohozi chake: "Khu, khu. Mama Furaha, chakula iko wapi?"

Akanirushia udongo. "Wewe mwanamuke! Ku maji habachezake na sauti ya batu benye bamekufa! Mama yako hakukufundisha?"

Alinifundisha. Kwetu mutoto wa miaka ine anajua: ku maji, ukisikia jina yako, usiitike. Ngoja. Mutu anaita mara mbili. Ile kitu ya maji inaita mara moja tu, haina pumzi ya kurudilia.

Nikamuambia: "Hiyo ni ya Kongo. Shetani ya kwetu, nani aliipatia viza?"

Tukang'oa kichaka ya mwisho, mimi niko nacheka bado. Kumbe nyuma yake kuko tiyo, bomba kubwa ya simenti, maji inapita mule chini ya barabara, mutu anaingia amesimama. Baridi ikatoka. Na kule ndani kabisa, kitu ikakohoa. Khu, khu.

Nikasema ni mwangwi. Mwangwi gani inangoja kwanza nimalize kucheka? Nikasema naenda kutafuta chai. Ndiyo, nilimuacha pale peke yake. Hiyo pia sifichi.

Nimefika juu ku basi, nakamata kikombe, njo nasikia sauti yangu. Si ya kufanana, niamini. Yangu, na kale kamluzi kanapitaka mu jino lililong'oka. Inatoka kule chini: "Mama Furaha, njoo, nimeanguka!"

Mara moja.

Nikaangalia. Kitenge yake ya manjano inaingia mu tiyo. Alisahau ile sheria yake mwenyewe, sababu kwake ni mimi niliita. Mimi, mwenye kumucheka miaka makumi mbili! Pasta na kundi yake bako nakula mandazi. Na magoti yangu unayajua, hayakimbie. Nilikuwa na sauti tu.

"Mama Furaha!"

Kitenge haikusimama.

"Mama Furaha!"

Akasimama. Akageuka, akaniona kule juu na kikombe ku mukono, na akajua ile yenye iko mbele yake mu giza si mimi. Alitoka kinyumenyume, viatu akaviacha. Hajamaliza hata kupanda ukingo, maji ikashuka mu tiyo, nyeusi, na matawi, kama mutu amefungua mulango.

Muzungu mbio: "O mai gadi! O mai gadi!" Pasta: "Wapendwaaa, mvua ilinyesha kule juu. Ni mvua tu." Mvua tu! Na ile ilikuwa inacheka mu maji, na kicheko yangu, ni mvua ya wapi?

Tangu siku ile, sauti zangu zimekauka. Hizi nimekufanyia leo, umeona zilivyo? Zamani ungeanguka chini na kicheko. Nikijaribu ya Pasta, inatoka kikohozi. Mama Furaha nikimupigia simu, hasemi allo mpaka nimuite mara mbili. Bajukuu banatucheka. Bacheke.

Lakini juzi binti yangu wa Buffalo, anakaa Black Rock karibu na mto, akanipigia. "Mama, mbona haukusema unakuja? Nimekusikia kule ku maji, unaniita."

"Mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na ulifanya nini?"

"Niliitika, mama."

Sasa kila asubuhi namupigia, namuita mara mbili, na nangoja. Mpaka leo anajibu.

Donc na wewe mwenye kusoma sana: ku maji, ngoja ya pili. Na ukisikia ni mimi naita, usisumbuke kuja. Mimi niko nyumbani. Ku maji siendi tena.