Nilipokea Miraa ya Mwenye Kesi, na Baba Yangu Ni Jaji

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani, na nimeapa kusema yote bila kujitetea. Mwenye ukurasa, tafadhali lifiche jina langu. Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, na kwetu ni karibu na Muthara.

Baba yangu alikuwa wakili kwa miaka mingi. Ofisi yake mjini Meru ilikuwa chumba kimoja juu ya bucha, na wateja wake walipanda ngazi wakiwa na gambuti zenye matope. Aliomba ujaji mara ya kwanza akakosa. Mara ya pili akateuliwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Aliporudi kutoka kuapishwa alituketisha sebuleni akasema, "Kuanzia leo, mtu mwenye kesi asilete kitu hapa. Hata ndizi. Hata kama ni mjomba wenu." Tulicheka sana.

Wiki iliyofuata, baba akiwa kazini, mzee jirani yetu alipiga hodi. Mzee huyu ana kesi ya mpaka wa shamba na mjane mmoja, mama wa rafiki yangu ninayeketi naye darasani. Kesi yenyewe haiko kwa baba, iko kwa hakimu mwingine. Mzee alikuwa amebeba ncoolo, kile kitita cha miraa kinachofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Kwetu Meru hiyo si zawadi tu. Mwenye neno zito humpelekea mtu ncoolo, na huyo akiipokea, amekubali kumsikiliza.

"Mwari wakwa, binti yangu, jaji yuko?"

"Hayuko, mzee."

"Na wewe si mtoto wa jaji? Mikono yako ni mikono yake. Utamwambia nilikuja?"

Nimefundishwa tangu utotoni kwamba mtu mzima akikupa kitu, unakipokea kwa mikono miwili. Nikapokea. Lakini msidhani ilikuwa heshima peke yake. Aliponiita mtoto wa jaji nilisikia raha, nikajibu, "Nitamwambia, mzee." Alipofika langoni ndipo nikakumbuka maneno ya baba. Ningeweza kumkimbilia nimrudishie. Niliona haya, nikaificha jikoni nyuma ya mtungi wa maji.

Baba mdogo, ambaye tunaishi naye, akaikuta. "Hii ni ya nani?"

"Imeletwa," nikasema, basi.

Akaenda nayo sokoni, akaitafuna na wenzake huku akijigamba, "Kuleni, hii imetoka kwa jaji!" Mzee alikuwa papo hapo, na aliitambua.

Ijumaa rafiki yangu alikuja shuleni macho yamevimba. "Mama anaacha kesi," akaniambia. "Mzee anatangaza kila mahali kwamba babako ameshakula ncoolo yake. Mama anasema mahakimu na majaji wanajuana, ni heri akubali mpaka usogezwe kuliko kufukuzwa shamba lote. Alhamisi wanaenda kwa chifu kutia sahihi." Kisha akaniangalia. "Ni kweli babako aliila?"

Nikamwambia sijui. Nilimtazama usoni, nikasema sijui.

Sehemu hiyo ya shamba inayogombaniwa ndiyo yenye miraa inayomlipia karo.

Baba hajui lolote. Nikimwambia, namjua, ataenda mwenyewe kuwaeleza wakubwa wake, na jina lake litaanza kusemwa vibaya kabla hajakizoea kiti alichokingoja tangu nikiwa shule ya msingi. Nikienda kwa yule mama peke yangu, ataliamini neno langu au la mzee? Na nikinyamaza, nitaketije na rafiki yangu Ijumaa?

Bado nina tumaini, kwa sababu baba hajawahi kunipiga kwa kusema kweli. Lakini leo mchana alinipakulia chakula kwa mkono wake, akaniuliza, "Mbona huli, mama? Ni mtihani?" Nikasema ndiyo, ni mtihani.

Dada zangu, kaka zangu, na nyinyi wazazi mnaosoma hapa, nishaurini kabla ya Alhamisi. Nimwambie baba kwanza, au niende kwa yule mama nikapige magoti? Nijibuni leo leo, maana baba yuko sebuleni peke yake, na mlango ameuacha wazi.