Maji ya Kisima Kipya na Majoho ya Kwaya

Aibu hii hata nikiificha mtaisikia kanisani kwetu Masoro, kwa hiyo bora mnicheke nikiwapo. Kazi yangu ni kupima maji ya chini ya ardhi: kisima kikichimbwa kwa ajili ya mtaa, mimi ndiye ninayesema kama maji yanatosha na kama yananyweka. Sasa Jumamosi moja tulikuwa bondeni tukijaribu kisima kipya, pampu inavuta mfululizo tuone mwamba unarudisha maji kwa kasi gani, na maji yote tunayamwaga mtaroni, huku mabomba ya mtaa mzima yamekauka.

Ndipo akashuka Mama Claudine. (Claudine ndiye ninayetaka kumuoa, wazee wangu walikuwa wanajiandaa kwenda kubisha hodi kwao, na mama yake ndiye kiongozi wa kwaya. Mnaona nilivyobanwa.) Kesho yake askofu angekuja, na majoho meupe ya kwaya yalikuwa hayajafuliwa.

"Mwana wanjye, maji yote hii mnamwaga, na sisi hatuna hata ya kufua! Iko safi?"

Jibu sahihi lilikuwa: Mama, sampuli iko maabara, tusubiri. Nalijua, hata mdomoni lilifika. Lakini nikachota glasi, nikaiinua juani, maji maangavu huoni hata punje, nikapima uchachu na chumvi mbele yake kwa vifaa vyangu vya mfukoni, vyote sawa, nikasema, "Mama, haya hata mtoto mchanga unamwogesha," nikawajazia kina mama wa kwaya madumu na kuwapelekea kwa gari la kazi. Sifa hizo! Nikaona hazitoshi, nikampigia mchungaji kumdokeza kwamba maji ya kufulia nimetoa mimi.

Jumapili nikavaa suti, nikakaa mbele. Mchungaji hakuniangusha. "Kwaya yetu leo itang'aa, na ni kazi ya kijana wetu muhandisi. Simama tukuone!" Nikasimama, watu wakapiga makofi, nikageuka kuwapungia mkono, na mlango wa nyuma ukafunguliwa, kwaya ikaingia.

Majoho yalikuwa na rangi ya bati kuukuu. Na si yote, afadhali yangekuwa yote. Mabaka mabaka, kifuani, mgongoni, mikononi. Makofi yakafifia. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama wameanguka kwenye tope, na bibi aliyekaa nyuma yangu akamwita Mungu, "Mana yanjye!" Mimi bado nimesimama, maana mchungaji hajaniambia nikae, na askofu ananitazama mimi, anatazama majoho, ananitazama tena.

Sababu niliijua palepale: chuma. Maji ya chini yakipita kwenye mwamba wenye chuma hukiyeyusha, na kwa kuwa huko hakuna hewa, yanatoka maangavu kabisa. Yakishakutana na hewa, au kina mama wakiyatia jiki, kutu inajitokeza na kung'ang'ania kitambaa. Kina mama waliyaanua majoho asubuhi yakiwa hivyo, na mengine ya kuvaa hawakuwa nayo. Jumanne maabara ikathibitisha: vijidudu hakuna, chuma kimezidi, yachujwe kwanza ndipo mtaa uyapate. Kwa hiyo tatizo la maji lina dawa. Majoho hata ndimu haikuyasaidia.

Jumapili ile baada ya ibada nilimfuata Mama Claudine nje, nikaomba radhi, nikaahidi majoho mapya. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Muhandisi," akasema polepole, "uliniambia maji iko safi na mimi nikaamini. Sasa wazee wako watakuja kuniambia utamtunza mtoto wangu. Na hiyo, umeipima?"



Siku hizi, mtu akiniuliza habari ya maji kabla matokeo hayajarudi namwambia sijui, hata awe nani, hata anune. Na wazee wangu nimewaambia wasubiri, safari ya kwa Mama Claudine tutaenda siku yeye mwenyewe atakaposema njooni, na mpaka leo hajasema.